Uzi: Kombe la Dunia linakuja na nyasi za masika ziko kiunoni. Wikendi mnazigawaje?

Kifuu_Barani (mwanzisha uzi)

Watu wa Malindi, Watamu, Mambrui, na nyinyi wa Amu (Lamu) mnaochungulia humu bila kuandika, salamu.

Nina swali la nyumbani. Kiwanja changu hapa Barani si kikubwa, lakini kina minazi, mwembe, ua wa michongoma upande wa barabarani, na nyuma kuna kipande ambacho kikipigwa na mvua ya Mei kinakuwa pori. Siku za kazi natoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Kwa hivyo kazi ya uani ni Jumamosi na Jumapili, basi. Na mpira nao, wenyewe mnajua, ni Jumamosi na Jumapili.

Agosti mwaka jana, 2025, CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilinibana kweli kweli. Harambee Stars walicheza Jumapili tatu zikifuatana, saa tisa alasiri: DR Congo tarehe 3, Morocco tarehe 10, Zambia tarehe 17. Zote tukashinda moja bila. Nani atakuwa na fyekeo mkononi saa hizo, Ogam yuko langoni mwa Morocco? Madagascar walipotutoa kwa penalti, nyumba nzima ilinuna isipokuwa mke wangu. Alisema, "Hawa watu wa Madagascar Mungu awape heri," akanionyesha reki ilipo.

Sasa Kombe la Dunia linaanza Juni 11 mpaka Julai 19, timu 48, mechi 104. Nimekaa na ratiba nikaona mechi karibu zote zinaangukia usiku wetu. Wenzetu wa New York wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hivyo mechi yao ya saa tisa alasiri kwetu ni saa nne usiku, na ya saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa saba usiku. Mchana wote niko huru! Nimemwambia mama watoto kwamba mwaka huu hatugombani. Amecheka, hakunijibu. Kuna kitu sijakiona?

Mtunza_Bustani

Ndugu Kifuu, mkeo amecheka kwa sababu anakujua ulivyo saa tatu asubuhi ukishakesha.

Mimi kazi yangu ni bustani, nashughulikia majumba ya Wataliano kule Casuarina. Nikwambie ukweli wa kazi hii: Malindi hakuna "mchana wote". Kuna saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, halafu kuna saa kumi jioni mpaka magharibi. Hapo katikati ni jua, na anayefyeka katikati ya jua la Malindi ama ameshurutishwa ama ni mgeni. Hata sasa tukiwa na upepo wa kusi, unahisi baridi kidogo barazani ukadhani jua limepoa. Ingia nyuma ya nyumba ambako upepo haufiki, ndipo utaelewa.

Sasa chukua mfano. Brazil na Morocco wanacheza Jumamosi Juni 13 jioni kwa saa za huko. Kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili. Mpira unaisha saa tisa, mnabishana hadi tisa na nusu, usingizi unakuja saa kumi. Utaamka saa nne. Asubuhi yako ya kazi imekwenda, na jioni utakuwa unapiga miayo ukingoja mechi ya saa mbili. Saa za mechi hazigongani na kazi yako, kweli, lakini usingizi wako unagongana nayo.

Mimi nafanya hivi. Kazi kubwa naimaliza kabla ya Juni 11, halafu mwezi mzima nabaki na kazi ya kufagia na kupitapita tu. Na hapo watu wengi wanaharibu, kwa hivyo nitaeleza kidogo.

Nyasi zilizofika kiunoni huzishushi kwa mara moja. Mkupuo wa kwanza unafyeka juu juu, unaziacha kwenye ugoko. Unakusanya, unaacha jua liingie siku kadhaa, kisha mkupuo wa pili unashuka chini. Ukizikata zote hadi udongoni siku moja, ukoka unaungua, na mahali pake panaota ndago. Ndago ikishaingia, hiyo si kazi ya wikendi tena, hiyo ni ndoa. Pili, usifyeke kabla umande haujakauka: fyekeo linateleza, nyasi zinalala badala ya kukatika, unarudia pale pale hadi kiuno kinauma. Kwa hivyo ile saa ya kwanza ya asubuhi fanya kazi nyingine, pogoa michongoma au okota makuti, umande ukipungua ndipo ushike fyekeo. Na noa! Watu wanalaumu mikono yao kumbe chuma ni butu. Tupa ya kunolea haina gharama.

Chumvi_ya_Gongoni

Dawa ni mbuzi. Wanne tu. Wanakula nyasi, na mimi natazama mpira.

Mtunza_Bustani

Wanakula na mhogo, na mchicha, na miche ya pilipili ya jirani. Halafu utatazama mpira ukiwa kwa chifu.

Dada_wa_Gede

Nimesoma nikacheka. Kaka zangu, mnaongea kana kwamba mchezo ni mpira tu na uani kuna kufyeka tu. Uwanja wetu unafagiliwa kwa chelewa kila alfajiri ya Mungu, wikendi na siku za kazi, na sijaona uzi ukifunguliwa kuuliza mfagiaji atatazama saa ngapi.

Mimi ni mtu wa riadha. Na naona kila mchezo una kazi yake inayoendana nayo. Nawapa mfano wa Olimpiki ya Paris, kwa sababu Paris tulikuwa tumepishana nao saa moja tu, kila kitu kilikuja mchana na jioni. Jumamosi ya Agosti 10, 2024: marathoni ya wanaume ilianza saa tatu asubuhi kwetu. Mimi nilikuwa napalilia kibustani cha mchicha na kisamvu chini ya dirisha, simu nimeiweka dirishani sauti juu. Marathoni ni zaidi ya saa mbili, huhitaji kuikodolea macho. Unapalilia mstari, unanyanyua kichwa, bado wanakimbia. Nilisikia Kipchoge ameachwa nyuma, nikasimama. Nikasikia amejitoa, nikakaa pale pale kwenye udongo. Tola wa Ethiopia akashinda, Benson Kipruto akatuletea shaba, na mchicha wangu ulikuwa hauna gugu hata moja.

Usiku wake, saa mbili na kitu, Wanyonyi mita 800. Hiyo ni dakika moja na sekunde 41! Alimshinda yule Mkanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mbio kama hiyo unaacha ufagio, unaingia, unapiga kelele, unatoka, ufagio bado uko ulipouacha. Saa tatu na kitu Kipyegon 1500, dhahabu ya tatu ya Olimpiki mfululizo. Kesho yake asubuhi Obiri, shaba ya marathoni, nikamalizia kupogoa mlangilangi.

Mashindano ya Dunia ya riadha ya Tokyo mwaka jana ndiyo yalikuwa tabu, kwa sababu fainali zao za usiku zilituangukia alasiri. Jumamosi ya Septemba 20, Chebet na Kipyegon mita 5000, na baada yake Wanyonyi, vyote kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Hiyo ni saa ya jioni ya kazi, ile aliyoitaja Mtunza_Bustani. Siku hiyo sikugusa kitu na sijuti.

Lakini mpira wenu wa dakika tisini na bado mnaongea dakika tisini nyingine, huo hauendani na kazi yoyote.

Babu_wa_Muyeye

Wajukuu zangu, sikilizeni. Zamani hatukuwa na shida hii kwa sababu mpira ulikuwa masikioni. Redio inaning'inizwa kwenye tawi la mkorosho, na marehemu Leonard Mambo Mbotela anatangaza, Mungu amrehemu, ametuacha Februari 2025. Hukuhitaji kuona kitu. Mpira ukikaribia goli sauti yake inapanda, na jembe lako linasimama hewani lenyewe. Nililima shamba zima la mahindi nikisikiliza Gor na Leopards. Kwa hivyo Dada wa Gede nakuunga mkono, weka sauti, fanya kazi.

Kifuu, umesema nyuma kuna pori. Umetazama kama kuna upupu? Mimi nauliza kwa sababu huu ndio wakati wa kuukata. Sasa hivi bado ni kijani, unatambaa tu kwenye michongoma, majani matatu matatu kama kunde. Ukiuacha mpaka Agosti utakuwa umetoa maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia, yanang'aa juani kama mahameli, mazuri kuyaangalia. Siku utakayoyagusa na kusi linavuma, hutakaa kwenye kiti kutazama mpira wala kitu kingine. Na haukuwashi wewe peke yako, upepo unapeleka kwa jirani na nguo zake zimeanikwa. Kata sasa, ng'oa na mzizi. Na yeyote ambaye umeshampata asikimbilie kuoga wala kujikuna, ajipake majivu kwanza, ayapanguse, ndipo maji.

Kifuu_Barani

Shikamoo babu. Nimetoka nje na tochi kuangalia sasa hivi. Upo. Umepanda mpaka juu ya michongoma upande wa jirani.

Babu_wa_Muyeye

Marahaba. Basi una kazi kabla hujawa na ratiba.

Nahodha_wa_Amu

Assalaam alaykum. Mimi ndiye mmoja wa wale wanaochungulia bila kuandika.

Sisi Amu mjini hatuna nyasi za kukata. Nyumba za mawe, kiwanda (yaani ua) katikati, asumini moja na mkomamanga kwenye pipa, unafagia umemaliza. Lakini usidhani tumesalimika. Shamba liko ng'ambo, bara, upande wa Hindi, na kwenda shamba kwetu ni mambo ya maji. Maji yakikupwa hupiti na mashua, unangoja yajae. Kwa hivyo nyinyi mwapanga mechi na jua, sisi twapanga mechi, jua na maji, na maji hayana wikendi: kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Jumamosi hii yanajaa asubuhi, Jumamosi ijayo yanakupwa saa hiyo hiyo. Mimi kila mwezi naandika saa za maji ukutani, na mwaka huu nimeandika mechi pembeni yake. Jumamosi ambazo maji yanajaa mapema, navuka na usiku wake sikeshi. Jumamosi maji mabaya, nakesha na mpira bila kuulizwa na mtu.

Halafu kuna mechi za saa kumi alfajiri ambazo hamjazitaja. Marekani na Paraguay, kwa mfano, kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumamosi Juni 13. Hizo mimi nazipenda kuliko zote. Unalala mapema kama mtu mwenye akili, unaamka saa kumi, unatazama kipindi cha kwanza. Mapumziko yanakaribiana na adhana. Unaswali, unarudi kumalizia, na mpira ukiisha ni saa kumi na mbili, jua linachomoza na wewe uko macho tayari kwa kazi. Mechi ya saa saba usiku ndiyo adui. Ya saa kumi ni rafiki.

Mtunza_Bustani

Nahodha, hii ya saa kumi sikuwa nimeifikiria. Umenipa kitu.

Kimya_Kingi_254

Sielewi kwa nini watu wazima wanajitesa. Lipa kibarua, lala, tazama mpira wako. Kuna vijana wanatafuta kazi kila kona ya Malindi.

Mtunza_Bustani

Ndugu Kimya, mimi ndiye huyo kibarua, na napenda mpira. Juni na Julai kila mtu ananipigia simu Ijumaa usiku: njoo kesho mapema, mimi nimekesha. Mtaliano naye anakuja mwezi wa saba na wa nane, anataka nyasi zake fupi kama zulia na mashine ya kukatia isipige kelele kabla ya saa mbili, kwa sababu naye amekesha. Kwangu mwenyewe pale Maweni nyasi ziko wapi? Mke wangu huniambia bustani nzuri za Malindi zote ninazijua isipokuwa moja.

Sikatai kazi, msinielewe vibaya. Lakini kama unataka kibarua, niite siku ya kazi, si Jumapili asubuhi baada ya Brazil. Na mlipe siku hiyo hiyo.

Kimya_Kingi_254

Haya, nimekusikia. Jumatano basi.

Mama_Sabaki

Nami niongeze neno kwa upande wa afya, maana naona wote mnapanga kulala mchana.

Baada ya masika, kitu cha kwanza kuokota uani si nyasi, ni vifuu. Kila kifuu kilicholala chali kimejaa maji ya mvua, na kila kopo, na tairi lile mnalosema mtalipandia maua. Mbu wa homa ya dengue anapenda maji machache, masafi, kwenye vyombo vidogo kama hivyo, na tofauti na yule wa malaria, huyu anauma mchana. Sasa piga hesabu: baba amekesha na Kombe la Dunia, saa tano asubuhi amelala kwenye mkeka barazani kifua wazi, bila neti, na mita chache kutoka hapo kuna rundo la vifuu. Anaamka na homa na maumivu ya macho na viungo, anasema ni uchovu wa mpira.

Kuviinua vifuu na kuvimwaga ni kazi ya dakika chache, watoto wanaweza. Na ukilala mchana, lala ndani ya neti.

Kifuu_Barani

Mama Sabaki, jina langu lenyewe limekuwa ushahidi dhidi yangu. Nimewaambia watoto, wameanza na wanashindana nani ataokota vingi.

Swali lingine kwa wenye ujuzi: makuti makavu na nyasi nikishakusanya, ni salama kuchoma Jumapili jioni? Na nina gogo la mnazi ulioanguka mwaka juzi, linaoza taratibu kule nyuma, nimelizoea.

Mtunza_Bustani

Usichome. Kusi linavuma na mtaa mzima umeezekwa makuti. Cheche moja tu. Na mtu anayechoma huku anakimbia ndani kuangalia nani amefunga, huyo ndiye hasa anayeunguza nyumba. Nyasi zirundike chini ya mwembe, zioze, zishike unyevu. Makuti yaliyo mazima kuna watu wanayasuka, uliza, watayachukua wenyewe.

Gogo liondoe, tena usilicheleweshe. Ndani ya mnazi unaooza ndimo anamozalia yule mbawakavu mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha minazi. Lipasue sasa uone, utakuta mabuu meupe manene yamejikunja. Kuku wako watafurahi. Ukiliacha, minazi yako iliyobaki itaanza kutoa makuti yaliyokatwa pembetatu, kama mtu amepita na mkasi.

Dada_wa_Gede

Thibitisho kutoka Gede: tulikuwa na gogo, na tulikuwa na minazi mitano.

Chumvi_ya_Gongoni

Mbuzi hawali mbawakavu, nimenyamaza.

Lakini niulize la maana: umeme. Mvua ikipiga kidogo tu, mtaa wetu unakaa gizani. Fainali ni Jumapili Julai 19 saa nne usiku. Nani ana jenereta? Nipo tayari kuja na mafuta na samaki.

Nahodha_wa_Amu

Fainali ya saa nne usiku si mbaya, mradi isiende penalti, maana Jumatatu ni kazi. Ila mukimaliza hiyo musivue viatu: Michezo ya Jumuiya ya Madola Glasgow inaanza Julai 23 mpaka Agosti 2. Tumepishana nao saa mbili tu. Kwa riadha hakuna kukesha mpaka alfajiri.

Dada_wa_Gede

Naam! Hiyo ndiyo yangu. Mechi zenu za saa saba usiku nitawaachia, ila kuanzia Julai 23 jioni hakuna wa kunigusa, na ufagio ataushika mwingine. Nimeshamwambia kaka yangu, amejifanya hasikii.

Babu_wa_Muyeye

Chumvi, njoo kwangu. Jenereta ninayo, inataka tu plagi mpya. Lakini anayekuja kutazama fainali kwangu aje Jumamosi yake asubuhi, nina mkwezi wa kuangua nazi na nahitaji mikono ya kukusanya na kubeba. Madafu ya fainali yatatoka hapo hapo.

Kifuu_Barani

Babu, niandike, nitakuja na wilbaro.

Mama watoto amesoma uzi wote, mpaka ya Mtaliano. Ametoa masharti: upupu na michongoma ya upande wa jirani viishe kabla ya Alhamisi ya ufunguzi, gogo liondoke wiki hii, na mechi za saa saba usiku nichague mbili kila wikendi, nyingine nisome matokeo asubuhi. Za saa kumi alfajiri ameziruhusu zote, kwa masharti kwamba chai naipika mimi. Nilijaribu kudai Morocco iwe nje ya hesabu, akaniuliza kama Morocco watakuja kufyeka.

Mtunza_Bustani, kesho jioni nitapita Maweni kuazima hiyo tupa. Nikute pori lako nilione kwa macho.